TAHARIRI: Uyoga wa mti si dawa ya kila ugonjwa, vijana tuulize kabla ya kuuza na kununua

Ukishuka mwisho wa gari la 46 kule Kawangware, au ukikata njia kutoka soko la Toi kuelekea Makina, Kibera, huendi mbali kabla ya kumpata mtu wa miti shamba. Ametandika gunia, amepanga magome, mizizi na chupa za dawa iliyochemshwa. Hilo si geni. Wengi wetu tumelelewa na mwarubaini.

Kilicho kipya ni uyoga unaoota kwenye miti. Huu nao umeingia sokoni Nairobi ukiwa poda, vidonge na zaidi ya yote kahawa ya pakiti. Wauzaji wake wengi ni vijana kama wewe, wanaouza kwa simu na kwa kuajiri wenzao chini yao. Na orodha ya magonjwa unayodaiwa kuponya haina mwisho: kisukari, presha, saratani, vidonda vya tumbo, magoti, hata nguvu za kiume.

Msimamo wetu ni huu. Uyoga wa mti si uchawi na wala si takataka. Una kemikali zinazofanya kazi mwilini, na kwa sababu hiyo hiyo unaweza kumdhuru mgonjwa. Kijana anayeuuza bila kujua hilo anacheza na maisha ya mamake jirani. Anayeununua na kumwachisha mzazi dawa za hospitali anacheza na maisha ya mamake mwenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Umewahi kuona kitu kigumu kama ubao kimejishika kwenye shina la mti mzee au kisiki, umbo lake kama sikio au rafu ndogo, juu kahawia, chini cheupe? Huo ndio uyoga wenyewe. Jamii inayouzwa zaidi inaitwa Ganoderma. Kwa mti wenyewe uyoga huu ni ugonjwa: unaozesha mizizi na shina kutoka ndani, mpaka siku moja upepo unauangusha mti ambao kwa nje ulionekana mzima.

Wachina wanauita lingzhi, na wameutumia kama dawa kwa takriban miaka 2,000. Ulaya ulipewa jina la kisayansi mwaka 1781 kutokana na uyoga uliopatikana London. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ule wa London na ule wa China si aina moja, ingawa kwa miaka mingi viliuzwa kwa jina moja. Shikilia hilo, tutalirudia.

Je, kuna ukweli wowote kwamba kuvu ni dawa? Upo, tena mwingi. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, ilitoka kwa ukungu. Dawa ya saiklosporini, inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, ilitoka kwa kuvu wa udongo wa Norway. Japani nayo iliidhinisha mwaka 1977 dawa iliyotolewa kwenye uyoga mwingine wa miti, itumiwe pamoja na tiba ya kawaida ya saratani. Kwa hivyo anayekucheka eti uyoga hauwezi kuwa dawa, naye hajasoma.

Lakini angalia safari iliyopitiwa. Katika kila mfano hapo juu, watu walitoa kemikali moja au kundi la kemikali, wakaipima, wakajua kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua, wakajaribu kwa wagonjwa, ndipo ikafika duka la dawa. Kuuchemsha uyoga kwenye sufuria ukiwa haujui ni wa aina gani ni kuruka hatua zote hizo.

Na huu wa Ganoderma umepimwa? Ndiyo. Watafiti wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa vizuri na kuyapima pamoja, waliuchunguza kuhusu saratani. Walipata majaribio matano yenye wagonjwa 373. Waliotumia uyoga pamoja na tiba ya hospitali walionekana kuitikia tiba vizuri zaidi kidogo. Ukitumiwa peke yake, haukuonyesha uwezo kama huo wa kupunguza uvimbe. Hitimisho lao: hakuna ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza ya saratani. Mwaka 2015 walichunguza tena, safari hii kuhusu hatari za moyo kama vile sukari, presha na mafuta kwenye damu. Majaribio matano, watu 398. Ushahidi haukuunga mkono kuutumia.

Sasa linganisha maneno hayo na ile video uliyotumiwa kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, mahali ambapo mtu ameapa kwamba kahawa ya uyoga inamaliza sukari kwa wiki mbili. Umeona pengo?

Tuje kwa madhara, maana hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Wanapenda kusema "hii ni ya asili, haina madhara." Sumu ya nyoka pia ni ya asili.

La kwanza ni damu. Ganoderma inaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda. Mtu anayetumia warfarini au aspirini kila siku, au anayengoja upasuaji, anaweza kuvuja damu kupita kiasi. La pili ni sukari na presha. Uyoga huu unaweza kuzishusha kidogo. Ukiuongeza juu ya dawa anazomeza mgonjwa, sukari au presha inaweza kushuka chini mno, na mzee akaanguka bafuni bila mtu kujua kwa nini.

La tatu ni ini. Madaktari wa Hong Kong waliripoti mwaka 2004 wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia poda ya uyoga huu. Mwaka 2007 Thailand iliripoti mgonjwa aliyekufa kwa ini kushindwa kufanya kazi, akiwa ametumia poda hiyo. La nne ni figo. Uyoga mwingine wa miti unaouzwa sana mtandaoni, chaga, umejaa oksaleti. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walieleza kisa cha mama wa miaka 72 aliyekunywa vijiko vinne hadi vitano vya poda yake kila siku kwa miezi sita. Figo zake ziliharibika.

Visa hivi si vingi, na hatusemi kila anayekunywa kikombe atakufa. Tunasema "haina madhara" ni uongo.

La tano linahusu kilicho ndani ya pakiti. Mwaka 2017 utafiti ulichapishwa kuhusu bidhaa 19 za uyoga huu zilizouzwa Marekani. Ni 5 tu zilizokuwa na kile kilichoandikwa nje. Kama Marekani ni hivyo, wewe unaijuaje poda iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni bila jina la aliyeitengeneza?

Na wakati mwingine kinachowekwa ndani ni dawa ya hospitali yenyewe, imefichwa. Wasee, hili lisikilizeni vizuri. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150, karibu wote wanaume, walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya. Walikuwa hawana kisukari. Walikuwa wamemeza dawa haramu za nguvu za kiume, na ndani yake kulikuwa na dawa ya kisukari. Wanne walikufa. Siku nyingine ukipewa kitu "cha asili" kinachofanya kazi kwa dakika ishirini, jiulize asili gani hiyo.

Kuna na wale wanaosema, mimi sinunui, najichumia mwenyewe. Tahadhari. Uyoga hufyonza madini mazito kama risasi na kadmiamu kutoka mahali unapoota. Kisiki cha kando ya Barabara ya Ngong, kinachopuliziwa moshi wa magari kutwa kucha, au mti ulio kando ya mtaro wa maji machafu, si duka la dawa. Tena tumesema hata wataalamu walichanganya aina mbili kwa zaidi ya karne moja. Wewe na simu yako mtazitofautisha vipi? Ule uliotumiwa kwenye majaribio mengi ulikuwa umetayarishwa na kupimwa kiwandani. Ulioutoa msituni ni kitu kingine.

Tunajua kwa nini watu wanaenda huko. Hatuandiki kutoka sayari nyingine. Mama anayefua nguo Lavington kwa kibarua akipoteza siku nzima kwenye foleni ya kliniki, hana mshahara wa siku hiyo. Akifika dirishani anaambiwa dawa zimeisha, akanunue nje. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kiwango cha chini kabisa cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini kwa watu wasio na kipato cha kila mwezi hata hizo ni za kutafuta. Wakati huo muuza uyoga anakuja mpaka mlangoni, anakaa, anasikiliza, anakubali kulipwa pole pole. Mgonjwa wa kisukari anameza vidonge maisha yake yote, amechoka. Akiambiwa kuna kitu cha kumaliza hii kazi mara moja, lazima atege sikio.

Kwa hivyo lawama yote tusimtupie mnunuzi. Hospitali zetu zikianza kumheshimu mgonjwa na kuwa na dawa kwenye rafu, nusu ya soko hili litakufa lenyewe.

Lakini tusisahau Loliondo. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Tanzania, kwa shilingi 500 za huko. Wakenya walipanda magari kwa maelfu. Foleni ilikuwa ya kilomita nyingi na kuna waliofia njiani. Kikombe chenyewe hakikuwa ghali. Hasara kubwa ilikuwa kwa wale waliorudi nyumbani wakaacha ARV na dawa za kisukari kwa kuamini wamepona. Virusi havikuwa vimesikia habari za kikombe.

Hapo ndipo hofu yetu ilipo na uyoga huu. Kikombe kimoja cha kahawa huenda kisimfanye mtu kitu. Kuacha dawa ndiko kunakoua.

Serikali nayo ina kazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba za kiasili na tiba mbadala, na inataka kuwe na chombo cha kuzisimamia. Taasisi ya KEMRI ina kituo kinachotafiti dawa za kiasili. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka juu ya dawa zinazouzwa nchini. Basi watu hawa watoke ofisini, waje Gatwekera na Gatina, wapime kinachouzwa, na watuambie matokeo kwa lugha tunayoielewa. Waganga wa kweli, wanaojua miti kwa majina na kujua mipaka yao, watafurahi kutofautishwa na matapeli.

Wewe nawe, kabla ya kununua, muulize muuzaji maswali manne. Huu ni uyoga wa aina gani na ulitoka wapi? Nani aliupima, na karatasi iko wapi? Mtu anayetumia dawa za presha, sukari, ARV au za kuzuia damu kuganda anaruhusiwa kuutumia? Na je, unaniambia niache dawa za hospitali? Akijibu "ndiyo" kwa hilo la mwisho, inuka uende. Akikasirika kwa kuulizwa, pia inuka uende.

Kama mzazi tayari anautumia, usimfokee. Ukimfokea ataendelea kunywa kisiri, na daktari hatajua kamwe. Mwambie kwa adabu, "Mama, endelea na vidonge vyako, na siku ya kliniki tubebe hii pakiti tumwonyeshe daktari." Muuguzi aliyeona pakiti anaweza kusaidia. Ukiona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, damu inatoka puani au kwenye fizi bila kukoma, au mtu anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganyikiwa, hiyo si "dawa inasafisha mwili." Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti mkononi.

Na wewe unayeuza, tunajua kazi hakuna na kodi ya nyumba haingoji. Hatukuambii uache kutafuta riziki. Uza kahawa kama kahawa. Siku utakapomwambia shosho wa jirani kwamba pakiti yako inaponya saratani, utakuwa umejifanya daktari, na akiacha matibabu kwa sababu ya neno lako, aliye juu yako kwenye biashara hiyo hatakuja kwenye matanga. Utakayekutana na familia yake kila asubuhi ukienda kuteka maji ni wewe.