Europa Tuiache, Twende Callisto

Watu wakianza kupiga stori kuhusu maisha ya binadamu mbali huko kwa sayari za nje, jina linalotangulia ni Europa. Europa hivi, Europa vile. Mwezi mweupe unaozunguka Mshtarii, bahari imefichwa chini ya barafu, maji yanayokadiriwa kuwa karibu mara mbili ya bahari zote za dunia yetu. Ni kama tayari imeamuliwa kwamba siku tukihama, nyumba ya kwanza itajengwa pale.

Mimi napinga, na nasema mapema usije ukasoma hadi mwisho ukidhani nabembeleza. Binadamu akiwahi kuhamia miezi ya sayari za mbali, ahamie Callisto. Europa aiache. Enceladus aiache. Titan angoje.

"Callisto ndiyo gani tena?" Swali zuri, na linaonyesha shida iko wapi. Galileo Galilei alipoelekeza darubini yake kwa Mshtarii mnamo Januari 1610, aliona miezi minne: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Tatu za kwanza zilipata umaarufu. Io ina volkano, Europa ina bahari, Ganymede ni kubwa kuliko hata sayari ya Utaridi. Callisto ikabaki kama yule mtoto wa mwisho asiyesumbua mtu. Imejaa mashimo ya vimondo, haina volkano, uso wake ni mzee kuliko karibu kila kitu tunachokijua, na kwa takriban miaka bilioni 4 haijafanya la maana zaidi ya kugongwa. Wapenzi wa anga wanaiona ni boring. Mimi nasema hiyo ndiyo sifa yake.

Mtu wa Nairobi akienda kununua ploti Joska au Kitengela, haanzi kwa kusifu machweo ya jua. Anamkazia broka macho. Nikikaa hapa nitakuwa salama? Maji iko? Siku mambo yakiharibika nitatoka vipi? Na hii ploti, kwani haina mwenyewe? Broka akilijibu hilo la mwisho haraka sana, unashika njia. Sioni kwa nini tuache akili hii nyumbani eti kwa sababu ploti iko angani.

Tuanze na usalama. Mshtarii ina uga wa sumaku wenye nguvu kuliko wa sayari nyingine yoyote inayolizunguka Jua. Uga huo unanasa chembe zenye umeme na kuzirusha kwa kasi ya kutisha, na Europa iko katikati ya hiyo vurugu, kilomita 671,000 tu kutoka kwa sayari. Ukisimama pale juu bila kinga, mwili unapokea takriban rem 540 za mnururisho kwa siku moja. Kipimo hicho kisikutishe jina: sheria za Marekani zinamruhusu mfanyakazi wa mtambo wa nyuklia rem 5 kwa mwaka mzima. Ukipigwa 540 kwa siku na usipate matibabu, una uwezekano mkubwa wa kufa kuliko wa kupona.

Hata mashine zinaogopa. NASA ilirusha chombo chake cha Europa Clipper Oktoba 2024, na kinatarajiwa kufika Aprili 2030. Lakini hakitaizunguka Europa. Kitaizunguka Mshtarii, kiwe kinapita karibu na Europa mara 49 hivi, kinachungulia, kisha kinatoroka. Ubongo wake umefungiwa ndani ya sanduku nene la metali. Sasa wewe unataka kupeleka mama na mtoto wake mahali ambapo roboti inapita mbio kama mtu anayevuka Thika Road usiku?

Ganymede ina nafuu, maana ina uga wake wenyewe wa sumaku na iko mbali zaidi. Bado unapokea kama rem 8 kwa siku. Kipimo cha mwaka mzima cha yule mfanyakazi wa nyuklia unakimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Callisto iko kilomita milioni 1.88 kutoka kwa Mshtarii, nje ya mkanda ule mbaya. Mnururisho wa Mshtarii unaofika pale ni takriban rem 0.01 kwa siku, karibu sawa na kupigwa eksirei moja ya kifua. Sisemi ni bustani. Baridi ni wastani wa nyuzi 139 chini ya sifuri, hewa ya kupumua hakuna, na kwa sababu ya miale inayotoka nje kabisa ya mfumo wa jua, watu watalazimika kulala chini ya barafu au udongo. Ila fundi anaweza kuvaa suti, akatoka, akafunga bomba lililolegea, akarudi ndani akale. Mahali ambapo fundi hawezi kutoka, mimi siwezi kupaita mji.

Maji iko? Iko mpaka ya kumwaga. Karibu nusu ya Callisto ni barafu, na ukipitisha umeme ndani ya maji yake unapata oksijeni ya kupumua na haidrojeni ya kuendesha roketi. Siyo ndoto yangu peke yangu, pia. Mwaka 2003, watafiti wa NASA walifanya upembuzi wa safari ya binadamu kwenda sayari za nje, na mwezi waliouchagua ni huu huu: mnururisho mdogo, ardhi imetulia. Na kulikuwa na faida nyingine. Ukiwa Callisto unaweza kuendesha roboti iliyo juu ya Europa kwa kuchelewa kwa sekunde chache tu. Ukiwa duniani, ishara inachukua kama dakika 43 kwenda tu, kabla hujangoja jibu.

Najua mashabiki wa Titan washaanza kunikunjia uso. Nawaheshimu, kwa sababu hoja yao ni nzito. Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, ndio mwezi pekee wenye hewa nzito. Mgandamizo wake ni kama mara moja na nusu ya wetu, na karibu yote ni naitrojeni. Huhitaji suti ya anga, unahitaji nguo nzito za kukukinga na baridi na barakoa ya oksijeni. Hewa yenyewe inakukinga na mnururisho. Chombo cha Huygens kilitua pale tarehe 14 Januari 2005 na kikatuma picha za mawe ya barafu yaliyochongwa na mto. Kuna mvua, kuna maziwa, kuna bahari, ila ni za methani na ethani. Vimiminika hivyo vinakadiriwa kuzidi mara mamia akiba yote ya mafuta na gesi inayojulikana duniani.

Hapo ndipo ninaposimama na kuuliza: nani atakuwa wa kwanza kufika, na atakuwa amefuata nini? Waulize wakazi wa Delta ya Niger kama mafuta yaliwahi kuwafanya wageni wawe na adabu.

Isitoshe, hewa nzito yenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri inanyonya joto la nyumba bila kupumzika. Callisto karibu haina hewa, kwa hiyo nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo inatunza joto kama chupa ya chai. Halafu kuna umbali. Safari ya Cassini hadi Zohali ilichukua karibu miaka 7, na ishara kutoka kule inachukua takriban dakika 80. Wakenya waliowahi kwenda kazi za kandarasi Ghuba wanajua maana ya pasipoti yako kulala kwa droo ya mwajiri. Sasa weka mwajiri huyo mahali ambapo anashika oksijeni pia, na meli ya kurudi inapita baada ya miaka kadhaa. Callisto nako ni mbali, sikatai. Ila barafu yake ni mafuta ya roketi, na mvutano wake ni kama moja ya nane ya wa dunia, kwa hivyo kuruka kutoka pale si kazi kubwa. Mkoloni wa kesho, kama ni lazima awepo, basi awe mtu ambaye mfanyakazi wake anaweza kumwambia "mimi naenda."

Halafu lile swali la mwisho: ina mwenyewe?

Hapa ndipo Europa na Enceladus zinapoanguka kabisa. Mwaka 2005 Cassini iligundua kwamba Enceladus, kimwezi cha kilomita 504 tu, kinatema mvuke wa maji hadi angani kutoka kwa bahari yake ya ndani. Ndani ya mvuke huo kumepatikana chumvi, haidrojeni na molekuli za kaboni. Mwaka 2023 wanasayansi wakatangaza fosforasi pia. Hiyo ni karibu orodha nzima ya vitu ambavyo uhai wetu unatumia. Europa nayo ina maji na chumvi. Hakuna aliyeona kiumbe. Lakini kama kuna mahali ambapo kiumbe anaweza kuwa, ni pale.

Walioshika vyombo wenyewe wanalijua hili. Septemba 2003, NASA ilikiangusha chombo cha Galileo ndani ya Mshtarii kwa makusudi, ili kisije kikaigonga Europa na kuipelekea bakteria wa kwetu. Septemba 2017 Cassini nayo ikachomwa ndani ya Zohali kwa sababu hiyo hiyo. Mashine zilizogharimu pesa nyingi namna hiyo zilitolewa sadaka kwa ajili ya kiumbe ambaye labda hata hayupo. Kwangu mimi hiyo ni adabu ya hali ya juu ambayo binadamu amewahi kuonyesha kwa jirani asiyemjua.

Na makazi ya watu yataifuta adabu hiyo kwa wiki moja. Roboti unaweza kuioka kwa joto hadi vijidudu vife. Binadamu huwezi kumuoka akabaki hai. Kila mmoja wetu ni matatu iliyojaa bakteria, kwa ngozi, kwa mdomo, kwa matumbo. Tukijenga choo kimoja Europa, siku ile tukipata uhai ndani ya maji yake hatutajua tena kama ni wao au ni sisi.

Utaniambia kijidudu si mtu, na ardhi isiyo na mtu ni ardhi tupu. Ni kweli kijidudu si mtu. Lakini neno "tupu" tunalijua, sisi. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915 ilizihesabu hata ardhi ambazo Waafrika walikuwa wakiishi juu yake kuwa mali ya Taji la Uingereza. Aliyeamua kwamba hakuna mwenyewe ndiye aliyekuwa anataka kujenga. Sitaki tuende angani na sikio lile lile.

Nami niulizwe swali langu. Hata Callisto inadhaniwa kuwa na bahari ndani. Vipimo vya sumaku vya chombo cha Galileo ndivyo vilivyoanza kuleta wazo hilo. Sawa. Lakini kama ipo, iko chini sana, chini ya ganda ambalo halijapasuka kwa mabilioni ya miaka. Hakuna mvuke unaotoka, hakuna nyufa zinazopeleka uchafu chini. Ukiishi juu yake unaishi juu ya paa la zege, na masharti yawe kwamba hakuna anayelitoboa. Si usafi kamili. Ni madhara madogo kuliko mahali pengine popote.

Kuna msomaji ambaye amekuwa akivumilia tu. Anasema, buda, mtaani hatuna maji wiki ya pili, na wewe unagawa miezi ya Mshtarii? Namwelewa. Ila kuchelewa ndiko kulikotuponza. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Jina lilikuwa letu, pwani ilikuwa yetu, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani na roketi ilirushwa na Waitaliano. Mwaka 1976 Kenya iliungana na nchi nyingine za ikweta kule Bogotá kudai haki juu ya njia ya setilaiti iliyo juu ya ardhi zao. Wakubwa hawakushtuka. Walikuwa washaanza kuitumia.

Mkataba wa anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kumiliki mwezi wowote, na unataka uchafuzi wenye madhara uepukwe. Mwaka 2015 Marekani ikapitisha sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki rasilimali watakazochimba angani. Mlango unafunguliwa polepole, na wanaoufungua hawatungoji tumalize shida za maji.

Kwa hiyo ninachotaka ni masharti, na nayataka yaandikwe sasa kabla meli ya kwanza haijaundwa. Europa na Enceladus ziwe hifadhi: roboti safi ziingie, mguu wa mtu usikanyage. Titan isiguswe na makazi hadi tuelewe kemia yake. Chombo cha Dragonfly kinatarajiwa kuondoka 2028 na kutua pale 2034, kipewe nafasi kimalize kazi. Anayetaka kujenga apewe Callisto, mwezi mzee, mgumu, wenye makovu, usioonekana kuwa na jirani wa kusumbuliwa. Na katika kila kandarasi ya kazi, kabla ya mshahara, iandikwe tiketi ya kurudi.

Siku vikao hivyo vitakapoitishwa, Kenya iwe ndani ya chumba, na yule tutakayemtuma aende akijua Callisto ni gani.