Sarafu ya Kilwa Inatusuta

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo tuambiane ukweli. Kijana wa hapa akitaka kuandika riwaya ya kale, utakuta ngome, theluji na mfalme wa Ufaransa. Umuulize kulikoni, atakujibu eti kwetu hakukuwa na mfalme wala sarafu. Uongo mtupu!

Sawa, mwaka 1266 Mfalme Louis IX wa Ufaransa alitoa sarafu yake ya fedha, gros tournois, ikavuma Ulaya. Na sisi je? Maji haya ya Kilombero tunayoyavuka kutoka Lupiro kwenda Ifakara yanaingia Rufiji, na Rufiji inamwagika baharini kaskazini mwa Kilwa. Hapo Kilwa, karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alitoa sarafu zake za shaba, na chache za dhahabu. Moja ya shaba imefukuliwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na pwani.

Washairi mpo? Upande mmoja wa sarafu hizo za shaba kuna maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu. Upande wa pili, jina la Sultani. Na pande hizo mbili zina kina kimoja! Mtu katia vina kwenye chenji ya sokoni, halafu wewe unahangaika na Paris?

Lakini jamani, sisemi tukampambe. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba Sultani huyo aliitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Msafiri huyohuyo akaandika pia kwamba alikuwa akivamia mara kwa mara nchi ya Zanj na kurudi na nyara. Sasa zawadi zile zilikuwa mali ya nani? Aliyeporwa hana jina kwenye shaba wala kwenye dhahabu. Mama aliyelipwa shaba ile kwa samaki wake, naye hana.

Riwaya yetu iko kwa hao. Sultani alishajiandika mwenyewe, tena kwa vina. Hahitaji karani mwingine miaka mia saba baadaye. Sisi wa bara tukinyamaza, nani atamsemea aliyevamiwa?

Basi mwenye mswada wa namna hiyo aulete tuusome, tuukosoe, tugombane hata usiku kucha. Mwenye mfalme wa theluji abaki naye.