Kabla ya betri ya ubongo, Bura yahitaji kidonge

Februari 2025 Marekani iliidhinisha chombo kipya cha kutuliza ugonjwa wa Parkinson, ule unaomtetemesha mtu mikono na kumkaza viungo. Nyaya nyembamba huingizwa ndani ya ubongo na kuunganishwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. Chombo hiki husoma mawimbi ya ubongo na kujipimia chenyewe umeme wa kutoa. Tiba yenyewe ilianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, mikononi mwa daktari Alim-Louis Benabid.

Ni habari njema. Lakini nikiisoma, nawawaza ndugu zetu wa Bura, kule Fafi, kaunti ya Garissa. Mzee akianza kutetemeka, huambiwa ni uzee, au ni jini. Huishia kufungiwa ndani na watu kumwonea haya.

Hali hii si ya Bura pekee. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu wapatao 161,000. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Betri haiponyi, hupunguza dalili tu. Tena kwa kawaida madaktari humchagua mgonjwa ambaye vidonge vya levodopa vimeonekana kumsaidia. Asiyefikiwa na kidonge hafikiwi na betri. Na kidonge hiki si kigeni: kimetumika tangu miaka ya 1960, na kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata mbegu za upupu zina levodopa, ila kipimo chake hubadilika, kwa hivyo mtu asijitibu nazo.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Tuwaulize magavana na wawakilishi wetu wa wadi: je, dawa hii ipo katika zahanati zetu? Matabibu wamefundishwa kuitambua dalili?

Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba. Kutetemeka si aibu wala mkosi. Ukimwona mzee wako mkono watetemeka hata akiwa ametulia, na hatua zake zimekuwa fupi na nzito, mpeleke hospitali mapema.