Hesabu za Bahati na "-ki-" ya Masharti

Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu wapo wenzetu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na nyimbo, wala hakiwezi kubeba hesabu za uwezekano. Sisi twaikana kauli hiyo, na ushahidi tunao.

Mwulizeni mwanafunzi: tukirusha sarafu isiyo na hila, kwa wastani tutairusha mara ngapi hata tupate kichwa mara mbili mfululizo? Mwenye haraka atajibu 4, kwa kuwa uwezekano wa kupata vichwa viwili katika mirusho miwili ni robo. Amekosea, kwa sababu hakujiuliza: "Nikipata hiki, nabakiwa na nini?"

Basi tujiulize. Wastani tunaoutafuta tuuite W. Tukianza kwa kupata upande wa pili (uwezekano ni nusu), mrusho mmoja umepotea na twaanza upya: W + 1. Tukipata kichwa kisha upande wa pili (robo), miwili imepotea: W + 2. Tukipata vichwa viwili (robo), tumemaliza: 2. Kila tawi tulizidishe kwa uwezekano wake, kisha tujumlishe:

W = ½(W + 1) + ¼(W + 2) + ¼(2) = ¾W + 1½

Hivyo robo ya W ni 1½, na W ni 6.

Hiyo ndiyo njia ya wastani wenye sharti. Tazameni jinsi kila sharti lilivyobebwa na silabi moja tu, "-ki-", tunayoifundisha kila mwaka. Watatuuliza istilahi ziko wapi. Uwezekano, wastani, sharti, tawi: mwanafunzi huyajua maneno haya kabla ya kuingia katika somo la hesabu. Badala yake hukaririshwa kanuni kwa lugha ya kigeni, akafaulu mtihani asijue alichokihesabu.

Aibu hiyo si ya Kiswahili, ni yetu. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi twaiadhimisha kwa ngoma na mashairi. Ni vema. Lakini lugha inayosifiwa uwanjani na kufungiwa mlango wa darasa la hesabu imeheshimiwa nusu tu. Kila mmoja wetu na aketi na mwalimu wa hesabu wa shule yake, watunge maswali kumi kama hili, wayafundishe. Wapinzani wetu watajibiwa na wanafunzi.