Homa ya Mgonjwa wa Saratani Haingoji Asubuhi



Homa katika nyumba zetu ni jambo lililozoeleka. Mtu akipata joto tunampa Panadol, tunampangusa kwa kitambaa cha maji, kisha tunangoja kupambazuke. Mazoea hayo hayafai hata kidogo pale mwenye homa anapokuwa ni mgonjwa wa saratani anayetumia tibakemia, yaani dawa za dripu au vidonge zinazoua chembe za saratani.

Dawa hizo hushambulia chembe zinazozaliana upesi, nazo hazibagui. Huathiri pia uboho wa mifupa, ambamo hutengenezwa chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Mara nyingi walinzi hao hupungua mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Hapo vijidudu vya kawaida, hata vile vikaavyo tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, huweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha kwa muda wa saa chache. Tena huenda pasionekane usaha wala uvimbe, kwa kuwa alama hizo huletwa na chembe zile zile zilizopungua. Homa huweza kuwa ndiyo onyo pekee, na Panadol hulificha onyo hilo.

Madaktari nao hawabahatishi. Tangu mwaka 2000 wanacho kipimo chenye jumla ya alama 26. Hutazama kiasi mgonjwa alivyolemewa, presha yake, upungufu wa maji mwilini, ugonjwa sugu wa mapafu, umri wa miaka 60 na kuendelea, aina ya saratani na mengineyo. Mwenye alama 21 au zaidi huhesabiwa kuwa na hatari ndogo. Aliye chini ya hapo huhofiwa kupata madhara makubwa, naye hulazwa. Lakini hesabu hiyo ni ya daktari baada ya vipimo, wala haifanywi sebuleni kwa kumtazama mgonjwa usoni. Dawa za kuua bakteria zinatakiwa zianze ndani ya saa moja tangu afike hospitali.

Basi tuweke kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38.3 mara moja, au likidumu kwenye 38 kwa saa nzima, tuondoke, uwe usiku au mchana. Asisubiriwe mume aliye safarini, wala kikao cha ukoo. Tukifika mapokezi, neno la kwanza liwe: mgonjwa huyu anatumia tibakemia, na dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani.

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, lakini mwenye mafua na atume salamu na dua kwanza. Na mgonjwa asijilazimishe kufunga, kwani Suratul Baqara, aya ya 184, imempa ruhusa.

Wako watakaosema kwamba kukimbilia hospitali usiku ni upungufu wa tawakkul. Tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kuwahi hospitali ndiko kumfunga ngamia wetu. Uponyaji ni wa Allah.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.