Mwalimu Anasoma Masta kwa Pesa Yake, Serikali Inavuna Bure

Leo siandiki juu ya kesi wala mkutano. Naandika juu ya meza ya nyumbani kwetu.

Upande mmoja wa meza kuna madaftari ya kidato cha pili yanayosubiri kusahihishwa. Upande wa pili kuna kompyuta ya kuazima na tasnifu ya masta ya elimu. Katikati amekaa mama yangu mdogo, mwalimu wa sekondari ya serikali, kajifunika shuka mabegani maana baridi ya Uyole mwezi wa saba haina utani. Anaanza saa tatu usiku, watoto wakishalala. Alfajiri yuko macho tena. Jumamosi anapanda daladala kwenda mjini kwenye vipindi vya chuo, Jumapili anaandaa masomo ya wiki.

Mimi nasoma sheria. Mkopo wangu hautoshi ada yote, na anayejazia ni huyu huyu. Mwezi uliopita aliniambia, tena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, mimi naahirisha mwaka. Wewe maliza kwanza." Nilikosa jibu. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na hesabu. Mama mdogo alisoma shahada ya kwanza kwa mkopo. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016, mnufaika anakatwa 15% ya mshahara wa msingi, kutoka 8% ya zamani. Kinachobaki kinalipa kodi ya nyumba, chakula, ada ya masta na ada yangu. Yaani bado analipia shahada ya jana, huku anatafuta pesa ya shahada ya leo.

Halafu kuna ruhusa. Mtumishi wa umma haendi masomoni bila kibali cha mwajiri, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni njoo kesho. Barua yake ilikaa miezi bila jibu. Hakukataliwa, hakukubaliwa. Mwisho akajiandikisha masomo ya wikendi ili asimsumbue mtu.

Na akimaliza? Ngazi za kuanzia za walimu zinajulikana: cheti TGTS B, stashahada C, shahada D. Muulize mwalimu yeyote masta inaingia wapi hapo, atakucheka. Ndiyo maana wengi wakishaipata wanatafuta njia ya kuhama: chuoni, ofisini, kwenye mashirika. Darasa linabaki bila mtu wake.

Wapo wenzetu watakaosema, "Masta ya nini kufundisha form two? Na vijana wamejaa mtaani hawana ajira." Nawaelewa. Lakini sikilizeni anachokichunguza: kwa nini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili ananyamaza akifika kidato cha kwanza, ambako masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Hilo si swali la kabatini. Ni watoto wa Uyole, Igawilo na Tukuyu anaowaona kila siku. Serikali imetuletea Sera ya Elimu, Toleo la 2023, elimu ya lazima iwe miaka 10. Itatekelezwa na nani kama anayelijua tatizo kwa karibu anaachwa ajitafutie mwenyewe?

Sasa nije kwenye sheria. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na raia yuko huru kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Maneno matamu. Lakini rudi nyuma kwenye Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Kwa hiyo huwezi kwenda mahakamani ukaidai. Majirani zetu Kenya, kwenye Katiba yao ya 2010, waliiweka elimu ndani ya sura ya haki, Ibara ya 43. Mtu akikuambia Katiba mpya ni ajenda ya wanasiasa, mwambie na walimu wanaihitaji.

Sisemi kila mwenye masta apandishwe mshahara kesho. Bajeti ina mwisho, na tukiahidi yasiyowezekana tutafanana na tunaowapinga. Nadai mambo matatu ambayo chama chetu kinaweza kuyabeba. Kwanza, barua ya ruhusa ijibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, na ikikataliwa sababu zitajwe. Pili, mwajiri achangie ada kwa mwalimu anayesomea fani yenye uhitaji, naye asaini kubaki darasani miaka kadhaa. Tatu, muundo wa utumishi uwe na ngazi ya mwalimu mbobezi, ili mtu apande bila kukimbia chaki.

Wewe unayesoma hapa, najua una mwalimu kwenye ukoo. Muulize anasomaje, na nani anamlipia. Majibu yake yalete kwenye vikao vya kata, yaingie kwenye ajenda zetu.

Mimi nimemwambia mama mdogo asiahirishe. Nimepata kazi ya kuchapa na kudurufu jioni karibu na chuo. Haitoshi, lakini tutabanana. Aibu ni kwamba mwanafunzi na mwalimu ndio wanaochangiana kuisomesha nchi.