Hoteli ndani ya nyumba ya zamani: ukingo wa mto utabaki wa nani?

Hapa Kindu, ndani ya komini ya Kasuku, bado kuko nyumba za wakati wa Wabeleji: matofali ya kuchoma, paa refu, barza pana ya kukingia jua na mvua. Zingine watu wanakaa ndani, zingine ni biro za Leta, na zingine majani yameota juu ya ukuta. Mji unapanuka, na neno "mwekezaji" liko mdomoni mwa kila kiongozi. Siku moja mtu mwenye pesa atasimama mbele ya nyumba ya namna hii, karibu na mto, na kusema: hapa ninataka hoteli. Heri tujue mapema cha kumuomba, kwa sababu kontra ikishatiwa sahihi, kelele za wakaaji hazibadilishi kitu.

Wenzetu wa Zanzibar walishapita njia hii. Kule si ugenini kwetu. Kiswahili tunachosema Maniema kilifika pamoja na misafara iliyotoka kwao, na Nyangwe na Kasongo vilikuwa vituo vyao vikubwa mbele ya Mbeleji kuvishika. Basi tuangalie yaliyowapata.

Katika mtaa wa Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, kuko jumba linaloitwa Mambo Msiige. Lilijengwa katikati ya karne ya 19, na jina lake ni majivuno ya mwenye nyumba: haya yangu, msiyaige. Watu wa kule wanasimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai, na kwamba watumwa walizikwa wazima ndani ya kuta. Iwe kweli au iwe hadithi tu, sisi wa Maniema tunajua watumwa wengi wa zamani zile walitoka pande gani. Baadaye jumba lilikuwa konsulati ya Waingereza, kisha likawa la serikali. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mambo Msiige limewekwa katika majengo ya daraja la kwanza, yale ambayo mtu haruhusiwi kuyabomoa wala kuyabadilisha sura ovyo.

Serikali ya Zanzibar ikalitoa kwa mwekezaji, na mwaka 2015 hoteli ya Park Hyatt ikafungua milango. Ukiangalia jumba lenyewe, kazi ilifanyika. Kuta zimesimama na sura ya zamani iko. Mtu aliyeogopa kwamba litabomolewa anaweza kupumua.

Lakini pembeni yake palikuwa na uwanja wa wazi unaoangalia bahari, na watu walikuwa wanapatumia pasipo kuomba ruhusa kwa mtu. Pale ndipo lilipoota jengo jipya, sehemu ya pili ya hoteli ile ile. Pamoja, majengo mawili yana vyumba 67. Wakaaji walilalamika. Kamati ya Urithi wa Dunia nayo ilionyesha wasiwasi, ikaomba uchunguzi wa madhara, ikatuma wajumbe. Lawama yao ilikuwa wazi: jengo jipya ni kubwa na refu kupita kiasi kwa mahali pale, na uwanja wa watu wote umemezwa. Lakini jengo lilikuwa limekwisha kupanda. Nani atakuja kupunguza gorofa ya hoteli ya nyota tano?

Kwa mawazo yangu, funzo kubwa liko hapo, na watu wengi wanalipita. Kila mmoja alikuwa anachunga nyumba, kwa sababu orodha ilitaja nyumba. Lakini faida ya hoteli haikai ndani ya nyumba ya zamani. Nyumba ya zamani ina vyumba vichache, ngazi nyembamba, mabomba ya kutengeneza kila siku. Inaleta jina na picha nzuri, wakati pesa inatoka kwenye vyumba vipya vinavyojengwa pembeni. Ndiyo maana mwekezaji anaweza kukubali haraka haraka kutogusa mlango wa zamani hata mmoja, huku jicho lake likiwa kwenye uwanja.

Tulete jambo hilo Kindu. Kwetu uwanja wa pembeni ni ukingo wa Lualaba. Mji wetu umekatwa mara mbili na mto: Kasuku na Mikelenge upande mmoja, Alunguli upande mwingine, na daraja hakuna. Kila asubuhi mama wanavuka na mihogo, makaa na ndizi, wanafunzi wanavuka, wagonjwa wanavuka, wengi kwa mtumbwi. Hoteli nzuri ya kando ya mto itataka ukuta, geti na mlinzi, kwa sababu mgeni anayelipa dola nyingi anataka kuangalia maji akiwa ametulia. Ukuta ule ukifika majini, bandari ndogo ya mitumbwi itahamia wapi? Kule Shangani watu walipoteza mahali pa kupunga upepo. Sisi tunaweza kupoteza njia ya kwenda sokoni.

Kuko watu wanaosema: achana na nyumba za wakoloni, zianguke, zilijengwa kwa jasho na kiboko. Ninawaelewa. Kindu yenyewe ilikuwa inaitwa Kindu-Port-Empain, jina la baron Empain, Mbeleji aliyeanzisha kampuni ya CFL mwaka 1902. Reli ya kutoka hapa kwenda Kongolo ilikwisha karibu na mwaka 1911, na mababu zetu ndio waliobeba mataruma. Lakini ukibomoa nyumba, jasho lile halirudi kwa mwenyewe. Kinachopotea ni ushahidi wake. Wengine wanahesabu vizuri kumbukumbu zao zilizo kwetu: Waitalia walijenga kule Pisa, karibu na uwanja wa ndege, mahali pa kuwakumbuka wanahewa wao 13 waliouawa hapa Kindu mwezi wa Novemba 1961, na pale jina la mji wetu limeandikwa. Mtoto wa Kindu akitaka kuona historia ya mji wake, tusimtume Italia.

Tena si kweli kwamba kila anayekataa mwekezaji anaokoa kitu. Nyumba isiyo na pesa inaanguka yenyewe. Kule kule Shangani kuko nyumba ya Tippu Tip, yule aliyekuwa na nguvu Kasongo na aliyekufa Zanzibar mwaka 1905. Kwa miaka mingi familia mbalimbali zimekaa ndani na nyumba imechakaa, wakati hoteli za jirani zinapakwa chokaa kila mwaka. Na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilingojea matengenezo mpaka likachoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati mafundi wako kazini, na watu wawili wakafa. Kuchelewa nako kunaua.

Njia ya katikati iko. Hoteli ya Serena ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1997, iliingia katika jengo la zamani la mawasiliano ya simu, na mfuko wa Aga Khan wa utamaduni ulisimamia matengenezo. Jengo lilipata kazi mpya, likaacha kuoza. Dar es Salaam ilifanya kinyume: hoteli ya Wajerumani ya mwaka 1906, Kaiserhof, baadaye ikaitwa New Africa, ilibomolewa ikajengwa nyingine ya gorofa. Jina New Africa limebaki ukutani, ya zamani utaiona kwenye picha tu.

Sasa tuje kwa sheria zetu, kwani watu wanafikiri Congo haina. Ipo Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Inaruhusu Leta kuweka jengo kwenye orodha ya mali inayolindwa, na likishawekwa mwenye nyumba habomoi wala habadilishi pasipo ruhusa. Nchi yetu ilikubali pia mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1974. Lakini angalia tulichoandikisha tangu wakati ule: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga, Okapi. Zote tano ni mbuga na misitu. Hakuna hata mji mmoja, hata jumba moja. Ni kama vile sisi tuna nyani na tembo, lakini hatukujenga kitu na hakuna kilichotutokea.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inatupa silaha nyingine, na hii kwangu ndiyo kali zaidi. Inasema udongo wote ni mali ya Leta. Kampuni au mgeni hanunui udongo, anapewa concession ya muda: emphytéose, kwa mfano, haipiti miaka 25, ingawa inaweza kurudishwa upya. Maana yake, mwekezaji wa hoteli ni mpangaji wa Leta, na mpangaji anaweza kuwekewa masharti kwenye karatasi. Kuhifadhi uso wa nyumba na barza zake ni sharti. Kutopanda juu ya paa la nyumba ya zamani ni sharti. Kuacha njia ya watu mpaka majini, yenye upana ulioandikwa kwa metre na kuchorwa kwenye ramani ya kadastre, ni sharti pia. Kama neno haliko kwenye karatasi, usitegemee ahadi ya siku ya uzinduzi.

Shida yetu ni kwamba nyumba nyingi za zamani zina hadithi ndefu ya wenyewe. Zingine ni za sheminefer, zingine za jimbo, zingine za misioni. Zingine zilikuwa za wafanyabiashara wa kigeni, zikachukuliwa wakati wa zairianisation ya mwaka 1973, na tangu hapo kila familia ina karatasi yake. Mwekezaji mjanja anapenda sana nyumba ya namna hii, kwa sababu anachagua mwenye nyumba aliye rahisi kusema naye. Kazi ya kwanza ya jimbo ingekuwa kuhesabu: nyumba gani, ya nani, iko katika hali gani, na pembeni yake kuko nini. Kwa hiyo kazi hatuhitaji UNESCO. Wanafunzi wa Université de Kindu wenye daftari na simu za kupigia picha wanaweza kuianza, na wazee waliofanya kazi sheminefer bado wako wa kuulizwa.

Neno moja kwa mafundi. Nyumba zile zilijengwa ili zipoe pasipo mashine. Dari iko juu, hewa inapita chini ya paa, barza inazuia jua lisipige ukuta. Mwenye hoteli wa haraka anafunga barza kwa vioo ili apate chumba kimoja zaidi, anashusha dari, kisha anaweka klimatizere. Umeme wa Kindu tunaujua wote. Itabidi kikundi cha umeme kingurume usiku kucha na kunywa mazuti inayofika hapa kwa bei ya juu. Tena kuta za zamani zilizounganishwa kwa chokaa hazipatani na simenti: simenti inafungia unyevu ndani, na ukuta unaanza kumomonyoka nyuma ya rangi mpya. Zanzibar wamejifunza hilo kwa hasara, na leo fundi anayejua chokaa ni mtu wa kutafutwa. Sharti la kufundisha vijana wa hapa kazi hiyo lingeleta ajira ya kudumu kuliko kubeba mizigo ya wageni.

Na kontra yenyewe? Ingebandikwa ukutani kwa komini na kusomwa redioni mbele ya kutiwa sahihi, kwa Kiswahili, pamoja na ramani. Mama anayevuka kutoka Alunguli na beseni la mihogo aweze kuweka kidole mahali mtumbwi wake utakapofunga, na kuuliza ile alama ya ukuta imefika wapi.